Jinsi ya Kupima Dai Kwamba Ubongo Huamua Kabla ya Mwenyewe

Kila baada ya muda hutokea makala, video au ujumbe unaosambazwa kwenye simu ukitangaza kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa hiari ya mwanadamu haipo. Ubongo, inasemekana, huamua kwanza, na mtu mwenyewe hupata habari baadaye. Upande wa pili wapo wanaojibu kwamba mambo ya nafsi hayawezi kuguswa na kipimo chochote, na kwamba utafiti wote wa ubongo hauna la kutufundisha. Mwongozo huu ni wa msomaji asiye mtaalamu ambaye hataki kuyumbishwa na upande wowote. Naamini kwa dhati kwamba mtu aliyezoea kusoma kwa makini anaweza kuyapima madai haya bila kuwa na shahada ya udaktari, mradi ajue la kuuliza. Na inafaa ajue, kwa sababu dai kwamba hatuamui lolote linagusa namna tunavyolaumiana na kusameheana, namna tunavyohukumu, na hata namna tunavyomhudumia mgonjwa aliyelala kitandani bila kuitika.

Tenganisha maswali kwanza

Chukua dai ulilolisoma na uliandike upya kwa sentensi moja, kisha ujiulize linajibu swali gani, kwa maana makala nyingi hufunga maswali matatu katika furushi moja. Swali la kwanza ni sehemu gani za ubongo na shughuli zipi za neva zinazoambatana na mtu kuwa macho, kulala, kulazwa kwa dawa ya nusukaputi au kupoteza fahamu. La pili ni hatua gani hupitiwa ndani ya ubongo tangu mtu awe na machaguo mbele yake hadi mkono wake ujongee. La tatu ni kwa nini shughuli hizo ziambatane na kuhisi kitu, yaani kwa nini kuwe na uchungu wa maumivu na wekundu wa rangi nyekundu, badala ya kazi yote kufanyika bila yeyote kuionja. Swali hili la mwisho ndilo ambalo mwanafalsafa wa Australia, David Chalmers, aliliita tatizo gumu katika makala yake ya 1995.

Ushahidi wa swali moja hauhamishwi kwenda kujibu jingine bila hoja ya ziada. Mtafiti akionyesha kwamba sehemu fulani ya ubongo ikiharibika mtu hupoteza fahamu, amejibu kipande cha swali la kwanza, lakini la tatu bado halijaguswa. Vilevile anayesema kuwa swali la tatu halina jibu hajaonyesha kwamba la pili nalo haliwezi kujibiwa.

Uliza kilichopimwa ni nini

Hakuna chombo kinachopima uamuzi wenyewe wala fahamu yenyewe. Kila chombo hupima kitu kingine, na mtafiti ndiye anayefasiri. Elektrodi, yaani vipokezi vidogo vya umeme, zinazobandikwa juu ya ngozi ya kichwa hupokea umeme wa mamilioni ya seli za neva zinazofanya kazi pamoja. Huonyesha wakati kwa usahihi wa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini haziwezi kusema kwa uhakika umeme huo umetoka wapi. Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, ikitumiwa kutazama utendaji wa ubongo haipimi neva kabisa, bali hupima mabadiliko ya oksijeni katika damu inayokimbilia mahali penye kazi, nayo damu huchelewa kwa sekunde kadhaa. Nukta moja ndogo kwenye picha yake hubeba mamia ya maelfu ya seli za neva, kati ya takriban bilioni 86 zilizomo katika ubongo wa mtu mzima. Elektrodi zinazoingizwa ndani ya ubongo ndizo zinazosikiliza seli moja moja, lakini huwekwa kwa wagonjwa tu, hasa wa kifafa wanaoandaliwa kwa upasuaji, na huwekwa mahali anapopahitaji daktari, si mahali anapopataka mwanafalsafa.

Kwa hiyo, ukisoma kwamba uamuzi umeonekana kwenye ubongo, tafuta chombo kilichotumika. Makala isiyokitaja imekunyima habari ya kwanza unayoihitaji.

Ingia ndani ya jaribio lenyewe

Jaribio linalonukuliwa kuliko yote katika mjadala huu lilifanywa na Benjamin Libet na wenzake huko San Francisco, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1983. Inafaa kulifahamu kwa undani, kwa sababu madai mengi mapya ni watoto na wajukuu wake.

Mshiriki aliketi akiwa na elektrodi kichwani na nyingine kwenye msuli wa mkono. Mbele yake nukta ya mwanga ilizunguka kwenye uso wa saa na kumaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 2.56. Aliambiwa akunje kidole au kifundo cha mkono wakati wowote atakapojisikia, bila kupanga, kisha aseme nukta ilikuwa wapi pale alipoanza kuhisi hamu ya kujongea. Wakati wa mkono kujongea ulichukuliwa kutoka kwenye umeme wa msuli, na hali ya ubongo ilichukuliwa kutoka kichwani, ambako watafiti waliangalia umeme unaopanda taratibu kabla ya mtu kujongea. Mpando huo ulikuwa umekwisha kuelezwa mwaka 1965 na Wajerumani Hans Helmut Kornhuber na Lüder Deecke. Libet aliona kwamba ulianza takriban milisekunde 550 kabla ya msuli kufanya kazi, ilhali washiriki walisema hamu yao ilianza takriban milisekunde 200 tu kabla. Pengo hilo la theluthi moja ya sekunde ndilo lililozaa vichwa vya habari kwa zaidi ya miaka 40.

Sasa lipime. Anza na neno la mshiriki. Mtu anaombwa ataje, kwa usahihi wa sehemu ndogo sana za sekunde, wakati ambapo kitu cha ndani yake kilianza, huku macho yake yakifuata nukta inayokimbia. Libet mwenyewe alilijua tatizo hilo: aliwapima watu kwa kuwagusa ngozi kwa umeme hafifu na kuwauliza wakati wa mguso, akaona wanakosea kwa takriban milisekunde 50. Hata hivyo mguso wa ngozi una wakati halisi unaoweza kulinganishwa na jibu la mtu. Hamu haina.

Kisha angalia namna mstari ulivyopatikana, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Mpando ule hauonekani vizuri mtu akikunja mkono mara moja, kwa kuwa umezama katika kelele nyingi za umeme wa ubongo. Ili uonekane, rekodi za mikunjo 40 zilipangwa pamoja zikianzia kwenye tukio la msuli na kurudishwa nyuma, kisha ukachukuliwa wastani. Maana yake ni kwamba nyakati zilizoingia kwenye hesabu ni zile tu zilizoishia kwa mkono kujongea. Kama kuna nyakati ambapo umeme ulipanda ukashuka bila mkono kujongea, hazikurekodiwa, kwa kuwa hapakuwa na tukio la msuli la kuziwekea alama.

Mwaka 2012 Aaron Schurger, Jacobo Sitt na Stanislas Dehaene walionyesha uzito wa jambo hilo. Walisema kwamba shughuli za ubongo hupanda na kushuka zenyewe wakati wote, na kwamba mtu aliyeambiwa ajongee wakati wowote bila sababu hujongea pale ambapo mpando mmoja wa bahati umevuka kizingiti. Fikiria mtu anayerekodi kina cha maji kila wimbi linaporuka ukuta wa gati, kisha akachukua wastani wa sekunde za kabla ya kila tukio. Atapata mstari mzuri unaopanda taratibu, lakini mstari huo hauthibitishi kwamba bahari ilikuwa imekwisha kukata shauri mwanzoni mwa mpando. Kwa hesabu zao, mpando wa Libet unaweza kupatikana bila uamuzi wowote wa mapema uliofichika, na uamuzi wenyewe huwa karibu zaidi na wakati ambao mshiriki aliutaja.

Usiyanyooshe matokeo haya kupita kiasi. Schurger na wenzake hawakuthibitisha kuwapo kwa hiari. Waliondoa hoja moja iliyotumiwa kuikanusha. Libet naye hakusema kwamba mtu ni mtumwa wa umeme huo, bali aliamini kwamba fahamu ina nafasi ya kuzuia kitendo katika sehemu ya mwisho ya muda, na jambo hilo limepimwa. Huko Berlin, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kompyuta ilisoma umeme wa kichwani papo kwa papo na kuwasha taa ya kuzuia mara tu ilipoona mshiriki anakaribia kujongea. Washiriki waliweza kujizuia hata baada ya mpando kuanza, mpaka takriban milisekunde 200 kabla ya kitendo, na baada ya hapo walikuwa wamechelewa. Kwa hiyo mpando huo haukuwa amri isiyotanguka.

Usikubali asilimia bila kuuliza kubahatisha kungeleta ngapi

Mwaka 2008 kundi la John-Dylan Haynes lilitumia MRI kuwachunguza watu waliochagua kubonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia. Habari iliyosambaa ilisema kwamba wanasayansi waliweza kujua uamuzi sekunde 10 kabla ya mtu mwenyewe kuujua. Kilichoachwa nje na wasambazaji wengi ni kwamba ubashiri ulikuwa sahihi kwa takriban asilimia 60. Palipo na machaguo mawili, anayerusha shilingi hupata asilimia 50. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa, maana inaonyesha kwamba kuna dalili ya mwelekeo, lakini mwelekeo si uamuzi. Mwaka 2012 watafiti wengine walionyesha kwamba usahihi wa kiwango hichohicho unaweza kupatikana kwa kutazama tu vitufe ambavyo mtu alibonyeza kabla, bila kuutazama ubongo wake hata kidogo.

Kwa maoni yangu, utafiti wenye nguvu zaidi kwa upande wa wanaokanusha hiari ni mwingine, ambao haunukuliwi mara nyingi hivyo. Itzhak Fried na wenzake, mwaka 2011, walirekodi seli za neva 1,019 ndani ya bongo za wagonjwa 12 wa kifafa. Wakitumia seli 256 za eneo linaloandaa mijongeo, waliweza kubashiri kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 80, katika tukio mojamoja bila kuchukua wastani, kwamba mtu anakaribia kujongea, milisekunde 700 kabla ya wakati ambao mwenyewe aliutaja. Anayeitetea hiari hana budi kuujibu utafiti huu badala ya kujificha nyuma ya udhaifu wa ule wa 1983. Anaweza kujibu kwamba saa ya Libet ilitumika hapa pia pamoja na matatizo yake yote, na kwamba kilichobashiriwa ni kidole kujongea. Jibu hilo la pili linatupeleka kwenye swali ambalo mimi huliweka juu ya mengine.

Uamuzi wa namna gani?

Mtu anayekunja kidole bila sababu anafanya jambo ambalo maishani hatulifanyi kwa uzito wowote. Tunapozungumzia maamuzi tunayoweza kulaumiwa au kusifiwa kwayo, tunamaanisha mtu anayeamua kumshtaki ndugu yake, kuuza shamba, kukataa rushwa, au kukubali mzazi wake afanyiwe upasuaji wa hatari. Mtu huyo hupima sababu, huomba ushauri, hulala nayo, hubadili mawazo na kuyarudia. Kuyachukua matokeo ya kidole na kuyavika maamuzi ya namna hiyo ni mruko mkubwa, na aliyeuruka ndiye anayepaswa kuonyesha daraja.

Uri Maoz na wenzake walijaribu kulipima daraja hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Waliwapa watu majina ya mashirika mawili ya kutoa misaada kwa wakati mmoja na kuwataka wachague. Katika baadhi ya zamu, chaguo lilikuwa na matokeo halisi, kwa sababu lingeweza kuliwezesha shirika moja kupata mchango wa dola 1,000. Katika zamu nyingine, chaguo halikubadili chochote. Pale ambapo chaguo halikuwa na maana, mpando maarufu ulionekana. Pale mtu alipokuwa akichagua kwa sababu, mpando huo haukuonekana, au ulikuwa hafifu mno. Utafiti mmoja haufungi mjadala, lakini msomaji akikutana na dai lolote la aina hii, aulize kwanza kama washiriki walikuwa na sababu ya kuchagua hiki kuliko kile.

Tahadhari na picha za rangi

Utaona picha ya ubongo yenye doa jekundu na maelezo kwamba hapo ndipo penye hofu, mapenzi au imani. Kosa lililomo ni la mantiki. Kuona kwamba mtu akiogopa sehemu fulani hufanya kazi si sawa na kuona kwamba sehemu hiyo ikifanya kazi mtu anaogopa, kwa kuwa sehemu ileile hushughulika pia na mambo mengine mengi. Doa lenyewe si mwanga uliopigwa picha. Ni matokeo ya hesabu za takwimu zilizofanywa kwenye makumi ya maelfu ya nukta, na ukifanya hesabu nyingi kiasi hicho bila kuzirekebisha, baadhi zitatoa jibu la uongo. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimweka samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za watu na kumtaka akisie hisia zao. Hesabu zisizorekebishwa zilionyesha nukta zinazofanya kazi ndani ya ubongo wake. Zilipofanywa ipasavyo, nukta hizo zilitoweka.

Uliza pia ni nani waliopimwa. Uchambuzi wa majarida makubwa ya saikolojia uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba asilimia 96 ya washiriki walitoka katika nchi za viwanda za Magharibi. Tunapoambiwa jinsi binadamu anavyoamua, tuna haki ya kujua ni binadamu gani waliokaa kwenye kiti cha maabara.

Wakati wa kukubali

Msomaji aliyefuata hatua hizi asije akadhani kwamba kazi yake ni kukataa tu. Kuna mahali ambapo sayansi ya ubongo imefafanua mambo ambayo hakuna elimu nyingine iliyoyafafanua. Mwaka 1974 Lawrence Weiskrantz na wenzake walieleza habari za mgonjwa aliyekuwa ameondolewa kipande cha ubongo kinachohusika na kuona, akawa haoni chochote katika upande mmoja wa upeo wake. Alipotakiwa akisie mahali palipowekwa mwanga katika upande huo, alipatia mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu, huku akishikilia kwamba haoni kitu. Tangu hapo tunajua kwamba kupokea habari kwa macho na kuwa na fahamu ya kuona vinaweza kutenganishwa ndani ya mtu mmoja.

Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake huko Cambridge walimweka kwenye MRI mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kichwa katika ajali ya gari, ambaye kwa vipimo vyote vya kitandani hakuonyesha dalili ya kujitambua. Walimwambia awaze anacheza tenisi. Wakati mwingine walimwambia awaze anatembea katika vyumba vya nyumbani kwake. Kila amri iliamsha eneo lake katika ubongo, sawasawa na ilivyokuwa kwa watu wazima wa afya, na shughuli hiyo ilidumu kwa sekunde 30, muda ambao ni vigumu kuuita mshtuko wa neva tu. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti mkubwa zaidi: kati ya wagonjwa 241 ambao hawakuonyesha kuitikia amri yoyote, 60, yaani mmoja kati ya wanne, walionyesha kwenye ubongo kwamba walikuwa wakiitikia. Lipime dai hili kwa maswali yaleyale nawe utaona linasimama. Chombo kimetajwa, kazi waliyopewa inalingana na kinachodaiwa, kulikuwa na watu wa afya wa kulinganishwa nao, na dai halivuki ushahidi, kwani linasema kwamba mgonjwa anasikia na kutii, halisemi fahamu imetoka wapi. Kwa familia yenye mgonjwa wa namna hiyo, maana yake ni ya moja kwa moja: waendelee kuzungumza naye kama mtu anayesikia, wala wasikubali mambo yake yajadiliwe juu ya kitanda chake kana kwamba hayupo.

Ukikutana na nadharia inayodai kumaliza kazi yote

Mwaka 1998 mtaalamu wa neva Christof Koch aliwekeana dau na Chalmers kwamba katika miaka 25 alama ya wazi ya fahamu katika neva ingekuwa imepatikana. Juni 2023, mjini New York, Koch alikiri kushindwa na kumkabidhi mwenzake mvinyo. Kushindwa huko hakumaanishi kwamba utafutaji umekwama. Jambo la kutazama katika nadharia yoyote ya fahamu ni kama wenye nadharia wamesema mapema matokeo gani yangewaumbua. Nadharia inayoweza kulieleza kila tokeo baada ya kutokea haijajihatarisha, na hapo msomaji ana sababu ya kusubiri.

Mfano mzuri wa kujihatarisha ulichapishwa Aprili 2025. Watetezi wa nadharia mbili zinazoshindana walikubaliana kabla ya vipimo ni nini kingehesabiwa dhidi ya kila mmoja, kisha wakaacha maabara zisizo zao zifanye kazi hiyo kwa watu 256. Nadharia ya kwanza, inayosema fahamu ni habari iliyounganishwa, ilitarajia sehemu za nyuma za ubongo ziendelee kuwasiliana kwa mapigo yanayolingana kwa muda wote mtu anapoona kitu, lakini hilo halikuonekana. Ya pili, inayosema fahamu ni habari iliyotangazwa kwa ubongo mzima, ilitarajia mlipuko wa shughuli katika sehemu za mbele kitu kinapotoweka machoni. Nao kwa jumla haukuonekana. Kila moja ilipata pia matokeo yaliyoiunga mkono, na watetezi wa pande zote mbili wanaendelea na kazi. Kwa hiyo, makala yoyote itakayotangaza kwamba mojawapo imeshinda, isome ukitafuta kama mwandishi ameeleza nini kilitokea kwa utabiri huo uliokosa. Asipoutaja, iweke kando mpaka upate aliyeutaja.